Jukwaa Moja, Wagombea Wawili: Historia ya Mpiga Kura na Namna ya Kumjua Mgombea katika Tanzania Bara

Utangulizi

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa huulizwa na washarika swali lile lile: tumchague nani? Na kwa kuwa haifai mtumishi wa Neno kutaja jina la mtu wala la chama akiwa madhabahuni, jibu ambalo hutolewa mara nyingi ni kwamba mwombeni Mungu, kisha mchagueni mtu mwadilifu na mchapakazi. Jibu hilo ni jema, lakini linamwacha msharika palepale alipokuwa. Huyo mwadilifu atamtambuaje? Kila mgombea hujiita mwadilifu. Kila picha iliyobandikwa mtini ina uso wenye tabasamu.

Katika makala hii tunakusudia kulichukua swali la msharika huyo na kuliuliza kwa njia ya historia. Tunataka kuona ni kwa njia gani mpiga kura wa Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, aliwezeshwa kumjua mtu aliyeombwa kumpigia kura, tangu uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 hadi siku zetu. Historia ya Visiwani ina mkondo wake, nayo yastahili makala yake.

Tutajaribu kuonyesha kwamba nchi yetu iliwahi kubuni njia nzuri sana ya kumfahamisha mpiga kura, yaani kuwasimamisha wagombea wote wa jimbo kwenye jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, wajibu maswali yale yale. Njia hiyo ilizaliwa chini ya mfumo uliokuwa na kasoro kubwa. Mfumo ulipoondolewa, njia nayo ikaondolewa pamoja nao, kama mtu anayetupa ngano pamoja na makapi. Hoja yetu ni kwamba yafaa irejeshwe.

1. Kura tatu kwa mara moja: 1958 hadi 1962

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti: ilimpasa mtu awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe anashika wadhifa fulani uliotajwa na sheria. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyetimiza kura zote tatu, kura yake iliharibika.

Tujiulize: mwalimu wa shule ya misheni huko bara, aliyetimiza masharti hayo, angemjuaje Mzungu wa kumpigia kura? Pengine hakuwahi kusikia sauti yake. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua, baada ya mabishano makali, kwamba chama kishiriki uchaguzi huo pamoja na ubaya wa kura tatu. Uamuzi huo ulimfanya Zuberi Mtemvu ajitoe na kuanzisha chama chake cha African National Congress. TANU ikawatangazia wapiga kura ni Wazungu gani na Waasia gani inaowaunga mkono, nao wapiga kura wakawachagua. Kwa hiyo ujuzi wa mpiga kura katika uchaguzi ule ulikuwa ni ujuzi wa kuazima. Alimjua mgombea kwa sababu alikiamini chama kilichomtaja. Kwa shabaha ya wakati ule, yaani kuuondoa utawala wa kigeni, ujuzi huo ulitosha, nao ulifanya kazi yake vizuri.

Lakini kilichotosha kuing'oa dola ya mkoloni hakikutosha kumpata mbunge mwema. Jambo hilo lilijitokeza mapema. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Katika majimbo hayo mwananchi hakupiga kura ya mbunge hata kidogo. Kiti kimoja tu kiliponyoka, nacho ni cha Mbulu. Huko chama kilikuwa kimemteua Chifu Amri Dodo, lakini Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, alisimama peke yake na kushinda. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Waliwajua wote wawili, wakamchagua waliyempenda. Tukio hilo ni dogo katika vitabu vya historia, lakini lina fundisho: pale ambapo watu walikuwa na wagombea wawili wanaowafahamu, jina la chama pekee halikutosha kuamua.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona tatizo hili. Katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, alieleza kwamba pale ambapo mgombea wa TANU hupita bila kupingwa, au hushinda kwa sababu tu ni wa TANU, wananchi hunyimwa nafasi ya kuchagua mtu. Yeye alipata dawa yake katika chama kimoja chenye wagombea zaidi ya mmoja. Twaweza kutokubaliana na dawa hiyo, lakini ugonjwa alioutaja ulikuwa wa kweli.

2. Jembe na Nyumba: uchaguzi wa 1965

Januari 1964 Rais aliunda tume, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa, kutafuta namna ya kuweka demokrasia ndani ya dola ya chama kimoja. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1965, Katiba ya Muda ikapitishwa Julai mwaka huo huo, na Septemba wananchi wakapiga kura katika majimbo 107 ya Bara.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Waliotaka ubunge walipigiwa kura kwanza na Mkutano Mkuu wa Wilaya wa TANU. Kisha Halmashauri Kuu ya Taifa iliteua wawili kati yao kwa kila jimbo. Wawili hao walipewa alama, mmoja Jembe na mwingine Nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kupiga kura yake mwenyewe bila kuongozwa mkono. Hakuna mgombea aliyeruhusiwa kuandaa mikutano yake wala kutumia fedha zake katika kampeni. Mikutano yote iliandaliwa na chama wilayani, na katika kila mkutano wagombea wote wawili walihudhuria, wakahutubia mmoja baada ya mwingine kwa muda ulio sawa, kisha wakajibu maswali ya wananchi. Ilikatazwa kuomba kura kwa kutumia kabila, rangi au dini. Ilikatazwa pia kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamuunga mkono mmoja dhidi ya mwingine. Lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili tu.

Msomaji na atafakari jinsi masharti hayo yalivyofanya kazi. Mwenye mali hakuweza kuitumia mali yake kumfunika maskini. Aliyetaka kusema uongo juu ya mwenzake alijua kwamba mwenzake ameketi hatua chache tu kutoka hapo, naye atasimama kujibu. Aliyeahidi barabara aliulizwa palepale fedha zitatoka wapi, na kama alikuwa mbunge tangu zamani, aliulizwa kwa nini haijajengwa. Naye mwananchi hakulazimika kuwa msomi ili afahamu. Alichohitaji ni masikio, macho, na kumbukumbu ya mambo ya kijijini kwake.

Matunda yake yalionekana. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyekuwa na sifa kubwa katika ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza. Upande wa pili, Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, walichaguliwa na wapiga kura ambao wengi wao sana walikuwa Waafrika. Miaka saba tu kabla ya hapo watawala wa kikoloni waliamini kwamba Mzungu na Mwasia hawawezi kuchaguliwa bila sheria ya kulazimisha kura tatu. Mwaka 1965 hakuna aliyelazimishwa. Mawaziri waliondolewa, na wageni wa rangi wakakubaliwa, kwa sababu watu waliwasikia na kuwapima.

3. Kasoro ambazo hazifai kufichwa

Hata hivyo haitufai kuusifu uchaguzi ule kupita kiasi. Mwanahistoria Mkristo ana wajibu wa kusema kweli juu ya siku za jana kama anavyotakiwa kusema kweli juu ya siku za leo.

Kwanza, wawili waliosimama jukwaani walikuwa wamekwisha kuchujwa na chama. Mtu ambaye hakukubaliwa na chama hakusikika kabisa, hata kama kijiji kizima kilimtaka. Pili, kwa kuwa wote wawili walipaswa kuitii sera ya TANU, maswali mazito juu ya mwelekeo wa taifa hayakuweza kubishaniwa. Yalibaki maswali ya kisima, zahanati, shule, tabia ya mtu na juhudi yake. Ndiyo maana wagombea wengine walitumia muda mrefu kuzisifu alama zao, huyu akisema hakuna chakula bila jembe, yule akisema hata mwenye jembe hurudi nyumbani kulala. Tatu, sharti la Kiswahili, ambalo lilizuia ukabila, lilimwacha nyuma yule mzee au mama aliyejua lugha ya nyumbani tu. Nne, cheo cha urais hakikuwa na wagombea wawili. Kulikuwa na jina moja, la kukubaliwa au kukataliwa.

Kasoro kubwa kuliko zote ilidhihirika miaka mitatu baadaye. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, miongoni mwao Joseph Kasella-Bantu, na kwa kuwa ubunge ulitegemea uanachama, walipoteza viti vyao. Wananchi walikuwa wamewasikiliza, wakawauliza, wakawachagua, kisha uchaguzi wao ukatenguliwa na kikao ambacho wao hawakuwamo. Hapa tunajifunza kwamba kumfahamisha mpiga kura hakuna thamani kubwa ikiwa uamuzi wake haulindwi.

Pamoja na hayo twasisitiza kwamba kasoro hizi zote zilitokana na chujio la chama. Hakuna hata moja iliyotokana na jukwaa la pamoja lenyewe. Mambo haya mawili yalikuja pamoja, lakini si kitu kimoja.

4. Redio na vikundi: 1970

Uchaguzi wa 1970 ulileta jambo jingine jipya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Wananchi walikusanyika katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa mwaka 1969 kwa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, chini ya jina Kupanga ni Kuchagua, na ilifika kileleni mwaka 1973 kwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoshirikisha watu wapatao milioni mbili.

Twaitaja kampeni ya Uchaguzi ni Wako kwa sababu inatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo leo huchanganywa. Lipo fundisho juu ya uchaguzi: kura ni nini, hupigwaje, Bunge lina kazi gani. Na upo ujuzi juu ya mgombea: huyu anayesimama hapa ni nani, ametenda nini, anakusudia nini. Redio ya taifa na kijitabu viliweza kufundisha lile la kwanza kwa ufanisi. La pili halikuweza kutoka Dar es Salaam. Lilihitaji mgombea mwenyewe afike, na jirani zake wawepo. Katika semina nyingi za elimu ya uraia zilizofanyika tangu mfumo wa vyama vingi urudi, fundisho la kwanza limetolewa kwa wingi na la pili kwa uchache. Msharika hurudi nyumbani akijua namna ya kukunja karatasi ya kura, lakini asijue aweke alama kwa nani.

5. Vyama vingi na majukwaa mengi: tangu 1992

Baada ya kazi ya Tume ya Jaji Francis Nyalali, sheria ya vyama vingi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Kanisa letu halikukaa kimya katika kipindi hicho cha mpito. Mwaka 1994 maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo, lililogusa mambo ya taifa waziwazi. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba sasa mpiga kura atasikia sauti nyingi.

Sauti nyingi zilikuja, lakini kila moja kwa siku yake na uwanja wake. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 kila chama kiliandaa mikutano yake, na vipaza sauti vyake, na fulana zake, na kanga zake. Wafuasi wa huyu walikwenda kumsikia huyu, na wafuasi wa yule wakaenda kwa yule. Wagombea wanne wa urais, Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikutana katika mdahalo, lakini mdahalo huo haukuwa mila. Majimboni kanuni ya 1965 ya kusimama pamoja ilikuwa imekufa, na kama mgombea alisingiziwa Jumatatu, hakuwa na njia ya kuwajibu watu wale wale hadi apate zamu yake uwanjani hapo.

Hata chujio halikuondoka. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilitamka kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea, lakini Katiba ikabadilishwa kuzuia jambo hilo. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki. Basi tuliachana na sehemu iliyokuwa njema ya mwaka 1965, tukabakiza ile iliyokuwa mbaya.

Jambo la kushangaza ni kwamba jukwaa la pamoja halikutoweka kabisa. Lilihamia ndani. Katika kura za maoni za vyama, watia nia huletwa pamoja mbele ya wanachama, kila mmoja hupewa dakika zake chache za kujieleza, na huulizwa maswali. Vyama vinajua vizuri kwamba hii ndiyo njia bora ya kumpima mtu, na ndiyo maana vinaitumia kwa mambo yao wenyewe. Kinachotakiwa ni kwamba jambo ambalo mwanachama hupewa ukumbini, mwananchi naye apewe uwanjani.

Mahali pa jukwaa la pamoja palichukuliwa kwa sehemu na fedha. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Chaguzi za 2000 na 2005 zilifanyika chini ya ruhusa hiyo. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha, ikiona kwamba inafungua mlango wa rushwa na kuwabagua wagombea wasio na mali. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hizo ni za kushukuriwa. Lakini tusisahau kwa nini sahani ya pilau ina nguvu. Mtu ambaye hana njia ya kumjua mgombea kwa maneno na matendo yake, humjua kwa kile alichopewa. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye uwanja wa kulinganisha, kibaya hakiwezi kujitembeza mbali.

Katika miaka ya karibuni njia za mwananchi zilizidi kuwa nyembamba. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, na katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya kisiasa ikapigwa marufuku. Katazo hilo la mikutano liliondolewa Januari 2023. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo katika karatasi ya kura. Huduma ya intaneti ilifungwa, na ghasia zikazuka na watu wakafa. Hatuandiki haya ili kuchochea majeraha ambayo bado ni mabichi katika nyumba za washarika wetu. Twayaandika kwa kuwa yanatukumbusha fundisho la 1968: kumjua mgombea kunahitaji kwanza wawepo wagombea wa kulinganishwa, na watu wanaoamini kwamba kura yao itahesabiwa.

6. Neno la kitheolojia

Je, jambo hili lahusu chuo cha theolojia? Twaamini lahusu. Musa alipoelemewa na mzigo wa kuwaongoza Israeli, aliwaambia watu walete wanaume wenye hekima, wenye akili, na wanaojulikana katika makabila yao (Kum 1:13). Sifa hiyo ya tatu hupitwa haraka na wahubiri, nayo ndiyo kiini cha makala yetu. Hekima ambayo haijulikani kwa watu haikutosha. Vivyo hivyo mitume hawakuwateua wale saba kwa siri, bali waliliagiza kusanyiko lote litafute watu walioshuhudiwa na wenzao (Mdo 6:1-6).

Dakta Martin Luther, katika andiko lake la mwaka 1523 kwa ajili ya usharika wa Leisnig, alifundisha kwamba usharika wa Kikristo una haki na uwezo wa kuyapima mafundisho yote, na kuwaita au kuwaondoa walimu wake. Luther hakuandika juu ya wabunge, na ni kosa kumfanya aseme asichokisema. Lakini kanuni moja yaweza kuvuka: anayepewa wajibu wa kuhukumu, sharti apewe nafasi ya kusikia.

Na Amri ya Nane je? Wapo Wakristo wanaoogopa kumchunguza mgombea wakidhani ni kumsengenya jirani. Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 inatupa njia. Luther anakataza kabisa kueneza mambo ya siri ya mtu ambayo hatuwezi kuyathibitisha, na anataka jirani atetewe na atafsiriwe kwa wema. Lakini anaongeza kwamba jambo lililotendwa hadharani laweza kusemwa hadharani bila dhambi, kwa kuwa hapo hakuna uongo wala maficho. Kwa hiyo uvumi juu ya ndoa ya mgombea, unaorushwa kwa simu usiku, unavunja Amri ya Nane. Kumuuliza mbele ya watu namna alivyosimamia fedha za halmashauri hakuivunji. Jukwaa la pamoja, ambapo mtuhumiwa yupo na ana nafasi ya kujibu, huwalinda mpiga kura na mgombea kwa pamoja.

7. Yanayoweza kufanyika

Tungependa kupendekeza mambo machache kwa wachungaji na wanafunzi wetu. Tuanze na ngazi ya chini, yaani kata na udiwani, kwa sababu huko wagombea ni majirani na gharama ni ndogo. Wachungaji, mapadre na masheikh wa kata waweza kwa pamoja, kwa kibali kinachotakiwa na kwa kuheshimu ratiba ya kampeni, kuwaalika wagombea wote wa udiwani katika mkutano mmoja. Mkutano usifanyike kanisani wala msikitini. Uwanja wa shule wafaa zaidi, ili asiwepo anayejiona mgeni. Muda uwe sawa, na nani aanze iamuliwe kwa kura. Maswali yaandikwe na watu, yakusanywe katika kikapu, na kila swali linalochomolewa lijibiwe na wote. Penye wazee wasiojua Kiswahili vizuri, awepo mkalimani mwaminifu, ili kasoro ile ya 1965 isirudiwe.

Majibu yaandikwe katika daftari, kama katibu wa baraza la wazee aandikavyo muhtasari, na wagombea walijue hilo mapema. Daftari hilo lisomwe tena baada ya miaka miwili, diwani aliyeshinda akiwapo. Kwa mbunge anayeomba kurudi, vijana wa usharika wanaojua kutumia intaneti wanaweza kusoma Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, waone aliuliza nini na alichangia nini kwa miaka mitano.

Akikataa mgombea mmoja kuja, kiti chake kiwekwe wazi, na pasisemwe neno baya juu yake. Watu wataona wenyewe.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: kwamba jukwaa humpendelea msemaji hodari, na usemaji si uongozi. Musa mwenyewe alikuwa mzito wa kinywa (Kut 4:10). Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu maswali ya wanaomfahamu mgombea yana uzito kuliko hotuba yake. Msemaji hodari aweza kuwateka watu wa mbali. Ni vigumu kwake kuwateka watu waliomkopesha mbegu wakajua kama alirudisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1958 mpiga kura alimjua mgombea kwa kuambiwa na chama, mwaka 1965 kwa kumsikia akijibu mbele ya mshindani wake, na tangu 1995 kwa kuhudhuria mkutano wa upande mmoja. Njia ya 1965 ilikuwa bora kwa namna ya kusikiliza na dhaifu kwa namna ya kuteua. Kizazi chetu kina wajibu wa kuuchukua ubora wake bila kuurudisha udhaifu wake: jukwaa liwe moja, na mlango wa kulipanda uwe wazi kwa kila raia mwenye haki.

Kuhusu mlango huo Kanisa laweza kusema na kuomba, ingawa funguo zake zimo mikononi mwa wengine. Kuhusu jukwaa, laweza kuanza katika kata moja, kwa meza moja, viti vichache na kikapu cha maswali. Na msharika atakayeuliza tena amchague nani, tutamwambia: njoo Jumamosi saa nane uwanja wa shule, uwasikilize wote, kisha uamue wewe mwenyewe mbele za Mungu.